Tunawapeleka watoto Uganda: tumepanga namna watakavyorudi?

Kila mwisho wa Januari, kwenye parkingi za Butembo na Beni, unajua msafiri anaenda wapi kabla ya kumuuliza. Godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba. Kuna sanduku la bati lenye kufuli, ndoo, na jina la mtoto limeandikwa kwa rangi juu ya kila kitu. Mama anahesabu dola, anazikunja, anazihesabu tena. Gari linashika njia ya Kasindi. Ng'ambo ya mto Lubiriha ni Mpondwe, na kutoka pale watoto wetu wanatawanyika: Bwera, Kasese, Fort Portal, Mbarara, Kampala. Wengine wanaingia shule za kawaida za wilayani. Wengine wanaingia shule ambazo kibao cha langoni kinasema ni za kimataifa, na neno hilo peke yake linatosha kumfanya mzazi wa kwetu auze shamba.

Siandiki ili kuwalaumu wazazi hao. Anayewalaumu hajaishi kwetu. Tangu Oktoba 2014 watu wanachinjwa katika mji na mtaa wa Beni, na kuna vijiji ambavyo shule zilifungwa hazijafunguka tena. Kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020 tulikuwa na Ebola. Utawala wa kijeshi uliowekwa mwezi wa Mei 2021 haukuleta amani tuliyoahidiwa. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza 2019, iliingiza shuleni watoto wengi waliokuwa nyumbani, na hilo ni jambo jema, lakini madarasa yalijaa na walimu wamegoma mara nyingi. Tena Butembo ni mji wa biashara. Mfanyabiashara anayeleta bidhaa kutoka Kampala, Dubai au China anajua Kiingereza kina faida gani, kwa sababu kila safari anamlipa mtu wa kumtafsiria.

Vilevile, kwa Mnande, Bwera si ugenini kabisa. Mkonzo wa Uganda na Mnande wa Congo wanasikilizana kwa lugha, wanaoana, na wanazikana. Mzazi anaona kama amempeleka mtoto kwa shangazi tu.

Lililonisukuma kuandika ni hili: tunapanga kwenda, hatupangi kurudi. Nimeliona ndani ya nyumba yetu.

Binti wa kaka yangu alivuka mpaka Februari 2019, akiwa na miaka tisa, wakati Ebola ilipokuwa inatutisha. Mwaka uliofuata shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya Korona, Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Mtoto alikaa nyumbani Butembo akingoja. Baba yake hakutaka kumwingiza shule ya hapa, alisema watamchanganya akili. Alirudi Uganda, akaendelea, akafanya mtihani wa mwisho wa msingi mwaka 2023. Siku matokeo yalipotoka, kaka yangu alipigiwa simu kuwa mtoto amepata 14. Alikasirika sana. Kwetu tunahesabu kwa asilimia, na 14 ni aibu. Ilibidi mtu amweleze kwamba Uganda wanajumlisha masomo manne, kwamba 4 ndiyo alama bora kuliko zote na 36 ndiyo ya chini kabisa. Mtoto alikuwa amefaulu vizuri. Baba alikuwa amelipa minervali miaka mitano bila kujua kusoma biletini ya mtoto wake.

Halafu vita vikaja. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Kaka yangu alikuwa akipeleka maharagwe na bidhaa nyingine huko, na biashara ikaanguka. Mwezi wa tisa mtoto akarudi Butembo, miaka kumi na tano, akaingizwa mwaka wa nane wa elimu ya msingi. Shule aliyotoka ilishika karatasi zake kwa sababu kulikuwa na deni la muhula mmoja. Shule aliyoingia ilimpokea kwa huruma ya prefe.

Jioni moja nilikaa naye kumsaidia kazi ya nyumbani. Mwalimu alikuwa ameandika kwa Kifaransa: mchore "triangle rectangle". Yeye aliona neno la pili, akalisoma kama alivyofundishwa Uganda, akachora umbo la pande nne, safi kabisa, kwa rula. Mwalimu alimpa sifuri. Nilipomwonyesha kwamba ni pembetatu yenye pembe mraba, alichora mara moja na akanieleza namna ya kutafuta urefu wa upande wa tatu. Kisha akaniambia: "Tonton, hesabu ninazijua. Ila sielewi wanauliza nini."

Biletini yake ya kwanza ilikuwa asilimia 41. Huyo si mtoto mjinga. Anazungumza Kiingereza kizuri kuliko mimi niliyekisoma chuo kikuu, na ndiye anayemwandikia baba yake ujumbe kwa wauzaji wa Kampala. Uganda ilimpa kitu cha kweli. Ila hakuna aliyefikiri kwamba siku moja atakaa tena mbele ya ubao wa Kifaransa.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kabla ya kununua godoro, kuna mambo matatu ya kuuliza.

La kwanza ni programu. Neno kimataifa kwenye kibao halikuambii mtoto atafanya mtihani gani. Kuna shule chache, hasa Kampala, zinazofuata kweli programu ya Cambridge ya Uingereza, au Baccalauréat International iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968. Minervali yake ni maelfu ya dola kwa mwaka, na wengi wetu hatuyafikii. Nyingine nyingi zinabeba jina hilo lakini zinafundisha programu ya taifa ya Uganda, na mtihani ni wa baraza la mitihani la Uganda, UNEB, sawa na shule ya kijijini. Si kosa kufuata programu ya Uganda. Kosa ni kulipa bei ya jina bila kujua unanunua nini.

Na hesabuni miaka. Uganda wana miaka saba ya msingi, kisha minne ya sekondari inayoishia kwenye cheti cha UCE, kisha miwili ya juu inayoishia kwenye UACE. Kwetu ni sita ya msingi, miwili ya mwaka wa saba na wa nane, na minne ya humanités: jumla kumi na miwili, ndipo Exetat na diploma ya serikali. Mtoto anayerudi na UCE amesoma miaka kumi na mmoja. Wazazi wengi wanafanya sherehe wakidhani amemaliza sekondari. Hajamaliza. Hata Uganda kwenyewe, mlango wa kawaida wa chuo kikuu ni UACE. Kama mfuko wako unafika mwaka wa nne tu, jua hivyo mapema, maana mtoto atarudi akiwa katikati ya njia.

Kalenda pia haziendi pamoja. Sisi tunaanza Septemba na kumaliza mwanzoni mwa Julai. Wao wanaanza Februari na kumaliza Desemba. Anayemaliza UACE anapata matokeo mwaka mpya ukiwa umeanza, wakati vyuo vyetu viko katikati ya masomo. Miezi hiyo ya kungoja inapoteza vijana wengi, wasichana hasa.

La pili ni karatasi. Fomu za kwetu zina jina, post-nom na prénom. Uganda mara nyingi wanaandika majina mawili tu, na linalokatwa ni lile linalomtofautisha mtoto na wengine. Ninyi mnajua majina yetu ya Kinande yanafuata mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa pili ni Kambale, hivyo Butembo nzima ina akina Kambale. Ukibaki na Kambale na jina la ubatizo, ofisi itakuuliza wewe ni Kambale yupi, na kwa nini cheti cha kuzaliwa kina majina matatu. Sahihisheni jina siku ya kuandikisha, tena kabla jina halijapelekwa UNEB, kwa sababu baadaye kurekebisha ni safari na pesa. Hifadhini kila biletini, ya kila muhula. Na msiache deni dogo, kwa sababu deni la dola hamsini linaweza kuzuia karatasi ya miaka mitano.

Pale mtoto atakapotaka kuingia chuo kikuu hapa Congo, hiyo UACE itahitaji équivalence, yaani serikali ikubali kwa maandishi kwamba cheti hicho kina thamani ya diploma yetu. Ofisi ya jambo hilo iko Kinshasa. Kwa mtu wa Oicha au Lubero, Kinshasa ni mbali kuliko Nairobi.

La tatu ni Kifaransa. Mzazi anasema, mtoto atakijua tu, ni lugha ya kwetu. Si lugha ya kwetu, tumeisomea, na mtoto ambaye hakuisomea hataijua. Likizo ya Desemba na Januari ni wiki nyingi. Mwalimu mmoja wa jirani, masaa mawili kwa siku, kitabu cha Kifaransa cha mwaka anaolingana nao, hiyo inagharimu kidogo kuliko orodha ya ufagio, karatasi na sabuni ambayo shule za ng'ambo zinadai kila muhula.

Kuna watakaosema: afadhali mtoto asiyejua Kifaransa kuliko mtoto aliyekufa. Ninaelewa, na sina jibu jepesi kwa mama wa Mbau au Eringeti. Lakini tusijidanganye kwamba mpaka ni ukuta. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF waliingia kwenye shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe, karibu kilometa mbili tu kutoka kwetu. Watu wasiopungua 42 waliuawa, 37 kati yao wanafunzi, wengi wakiwa wamelala mabwenini. Usalama wa shule ya bweni unaulizwa kama unavyoulizwa minervali: iko wapi, nani analinda usiku, mlango wa bweni unafungwa namna gani, na simu ya nani ninapiga.

Lakini mzigo huu si wa mzazi peke yake. Congo ilitia saini mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022. Jumuiya hiyo ina Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 2010, na ndani yake nchi zinaahidi kutambua vyeti vya masomo vya wenzao. Tulisherehekea kuingia. Mpaka leo mtoto wa Beni anavuka daraja la Kasindi na cheti mkononi kama mtu aliyetoka bara jingine.

Ninaomba mambo mawili kwa wabunge wetu na kwa wizara, na hakuna hata moja linalohitaji mabilioni. Butembo ina makao ya jimbo la elimu la Kivu ya Kaskazini 2. Pale iwekwe meza ya kupokea mafaili ya équivalence na kuyatuma Kinshasa, ili mzazi asipande ndege au kumpa mpatanishi pesa. Na pale iandikwe wazi, kwa karatasi inayobandikwa kila shule, mtoto anayetoka darasa fulani la Uganda anaingia darasa gani hapa. Leo kila prefe anaamua kwa macho yake.

Na sisi tulioenda shule tusiseme kwamba Kiingereza hakipatikani bila kuvuka. Beni ina Université Chrétienne Bilingue du Congo, inayofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza tangu 2007. Kama chuo kikuu kimeweza katikati ya vita, shule za sekondari za wafanyabiashara wa Butembo zinaweza kujaribu. Minervali inayovuka Kasindi kila muhula ingelipa walimu wengi wa Kiingereza hapa. Na wazazi wenye sauti wangekaa kwenye kamati za shule zetu, badala ya kuwaachia wale ambao prefe hawasikilizi.

Binti wa kaka yangu atarudia mwaka. Amekubali, baba yake bado. Anasoma Kifaransa jioni, na mwalimu wake amegundua kwamba anaweza kuwasaidia wenzake Kiingereza, hivyo wanabadilishana.

Kwa wale wanaojiandaa kwa Januari, nina ushauri mmoja wa kufanya wiki hii. Nenda kwenye shule ya mtaani kwako, muone prefe, umuulize: mtoto wangu akirudi baada ya miaka mitatu, utamweka darasa gani, na utaniomba karatasi zipi? Andika jibu lake kwenye daftari, na umwombe aweke sahihi.