REDIO MKONONI SAWA, LAKINI NANI ANASIKILIZA CHANELI 16?

Leo tuache kidogo siasa na mpira, tuongelee ziwa letu. Mimi ni mkazi wa Mwanga hapa Kigoma, na kila nikiteremka Kibirizi naona maboti yanapakia: unga, magodoro, kreti za soda, kuku, akina mama na watoto wao, safari ya vijiji vya kaskazini mpaka Kagunga. Mengine yanavuka kabisa kwenda Kongo. Kwetu barabara ni maji, na boti la mbao ndiyo daladala. Sasa nauliza: injini ikizima katikati ya ziwa saa saba usiku, upepo umeshaanza, nahodha anamwita nani?

Najua wengi mtajibu haraka haraka, "Si anapiga simu!" Sawa bwana, simu tunayo kila mtu. Lakini fikiria kidogo. Simu inamwita mtu mmoja tu. Kama huyo kalala, au simu yake imezima, umekwisha. Minara nayo imewekwa kwa ajili ya vijiji na miji, haikuwekwa kwa ajili ya maji, kwa hiyo ukisogea mbali na ufukwe mtandao unaanza kukata. Na kubwa kuliko yote: boti lililo kilomita tatu kutoka ulipo, ambalo lingekufikia kabla ya mtu mwingine yeyote, nahodha wake huna namba yake. Atakupita gizani huku wewe unahangaika kutafuta mtandao.

Redio ya majini ya mkononi, hii ambayo wazee wangeiita simu ya upepo, inafanya kinyume. Ukibonyeza na kusema neno moja, kila mwenye redio kama hiyo aliye karibu anakusikia kwa wakati mmoja, bila namba wala vocha. Inatumia mawimbi ya VHF, na dunia nzima imekubaliana kwamba wito wa hatari unaitwa kwenye chaneli 16, yaani masafa ya 156.8 MHz. Ni ile ile Mombasa, Dar, London na Kalemie.

Mpaka hapo kila mtu anasema basi, wapewe redio mambo yaishe. Hapana jamani, hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo.

Nyie mmeiona sinema ya Titanic, tena wengine mara kumi. Sinema inakaza macho kwenye mapenzi, lakini kuna kisa cha redio ambacho kila kijana wa Kigoma angepaswa kukijua. Usiku ule wa Aprili 1912 kulikuwa na meli nyingine jirani inaitwa Californian. Ilikuwa na redio nzima, na mtaalamu wake alikuwa mmoja tu. Alipochoka akazima mitambo akaenda kulala, na dakika chache baadaye Titanic ikagonga barafu. Titanic ikaita na kuita. Meli iliyokuja kuokoa ni Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, tena ilisikia kwa bahati, maana mtaalamu wake naye alikuwa anajiandaa kulala. Watu zaidi ya 1,500 walikufa. Baada ya pale mataifa yakakaa na kutunga mkataba wa usalama wa meli wa mwaka 1914, na moja ya mambo waliyoyabana ni kusikiliza redio saa 24. Waliona kwamba kuwa na redio hakutoshi. Lazima kuwe na sikio upande wa pili.

Sasa turudi kwetu. Redio ya mkononi ina nguvu ya wati 5 ikiwa juu kabisa, na wati 1 ikipunguzwa. Lakini kinachoamua umbali zaidi ni urefu wa antena, kwa sababu mawimbi haya yanakwenda karibu kama macho yanavyoona. Kuna hesabu rahisi: chukua urefu wa antena kutoka kwenye maji kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4, unapata kilomita. Mtu aliyekaa ndani ya boti, antena iko kama mita moja na nusu juu ya maji. Anapata kilomita 5 hivi. Maboti mawili yakiitana ni kilomita 10 kwenye karatasi. Kwenye mawimbi halisi toa nyingi tu. Ziwa letu lina urefu wa kilomita 673, na upana wa wastani wa kilomita kama 50. Hapo unaona kilomita 10 ni kitu gani.

Ila Mungu katupa zawadi ambayo hatuitumii vya kutosha: milima. Weka antena ya kusikilizia kwenye kilima kilichopanda mita 400 juu ya ziwa. Kipeuo cha pili cha 400 ni 20, mara 4 ni 80. Jumlisha na zile 5 za boti, unapata kilomita 85. Na pale Gombe milima inapanda zaidi ya mita 700 kutoka kwenye maji! Yaani redio ile ile ndogo, wati zile zile 5, inaweza kusikika hadi ng'ambo ya ziwa, ilimradi anayesikiliza amekaa juu. Kasoro ni kivuli tu: boti likijibanza nyuma ya rasi au chini kabisa ya ukingo wa mlima halitasikika, kwa hiyo kilima kimoja hakitoshi kwa pwani yote. Lakini vilima vichache vinafanya kazi ambayo maelfu ya redio mikononi hayawezi kuifanya peke yake.

Ndiyo maana nasema mradi wowote wa kugawa redio kwa wavuvi na manahodha lazima uanzie upande wa msikilizaji. Kwenye Ziwa Victoria, Tanzania na Uganda ziliingia kwenye mradi wa mawasiliano na uokoaji kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na Mwanza ikapangiwa kituo cha kuratibu uokoaji. Safi kabisa, wenzetu wamezika sana kule. Ila Tanganyika nayo inaua. Desemba 2014 boti la Mutambala lilizama upande wa Kongo, watu zaidi ya 120 wakafa, kwenye ziwa hili hili tunalooga.

Kuna wasiwasi mmoja ambao naukubali. MV Nyerere ilizama Septemba 20, 2018 ikiwa imekaribia kabisa kutia nanga Ukara, na zaidi ya watu 220 walikufa. Oktoba 3, 2024 boti jingine likapinduka Ziwa Kivu karibu na Goma, watu wakiwa ufukweni wanaangalia. Pale hata redio mia zisingesaidia, kwa sababu ugonjwa ulikuwa ni kujaza watu kupita kiasi. Redio haitibu tamaa ya nauli wala haichukui nafasi ya jaketi okozi. Inasaidia yule aliye mbali ambaye bado anaelea, ana saa moja au mbili za kuokolewa, na hakuna anayejua. Na kwetu hao ni wengi, kwa sababu kutoka hapa hadi Kalemie ni zaidi ya kilomita 100 za maji.

Jambo la pili ni utunzaji. Niliwahi kuonyeshwa redio moja ndani ya boti, jina silitaji. Ilikuwa imening'inizwa kwenye msumari, inang'aa, wageni wakiiona wanafurahi. Nikamwambia mzee wa boti, "Shikamoo mzee, hebu tuiwashe." Akacheka: "Mwanangu, hiyo betri ilikufa zamani. Hiyo ni ya kuonyesha wakaguzi." Hapo unaona tumekamilisha sheria bila kumwokoa mtu. Kwa hiyo anayemiliki redio, au kijana ambaye baba au kaka yake anayo, ashike haya:

1. Ichajiwe kabla ya kila safari kama unavyojaza petroli. Kuongea kwa wati 5 kunakula betri kuliko kusikiliza, basi kwa mtu wa karibu tumia wati 1. Redio nyingine zina kasha la betri za kawaida za dukani. Kama yako inalo, weka seti mpya kwenye mfuko mkavu. Betri ya kuchaji inazeeka hata usipoitumia, ikianza kuisha haraka ibadilishwe.

2. Isiachwe juani mbele ya boti. Joto linaua betri na linakausha mpira unaozuia maji. Alama ya IPX7 maana yake inavumilia mita moja ya maji kwa dakika 30, lakini kifuniko kikiwa wazi au mpira umepasuka, alama hiyo ni urembo. Ikilowa ifute, kausha vile vibati vya betri.

3. Ifungwe kwa kamba kwenye jaketi lako. Redio inayoelea ni nzuri, lakini ikielea mita 50 kutoka ulipo ni ya nani?

4. Ukiongea, shika antena wima, simama kama ni salama. Ukimaliza achia kitufe, usikilize. Wengi wanasahau kuachia, wanajizibia majibu wenyewe.

5. Jaribu redio kwa kuitana na mwenzako kwa kifupi kwenye chaneli ya maongezi. Usijaribu kwa kuita Mayday, na chaneli 16 si kijiwe cha kuulizana bei ya dagaa.

6. Hili la wavuvi wa dagaa: taa za LED za bei chee zinaweza kuziba redio kwa mikwaruzo. Walinzi wa pwani wa Marekani walitoa tahadhari hiyo mwaka 2018. Kupima ni rahisi: washa redio taa zikiwa zimezimwa, rekebisha mpaka mikwaruzo ikome tu, halafu washa taa. Mikwaruzo ikirudi, taa zako zinakuziba masikio. Ukiwa na shida, zizime kabla ya kuita.

Na wito wenyewe ni huu: "Mayday, Mayday, Mayday," taja jina la boti mara tatu, sema uko wapi, tatizo nini, mko wangapi. Huna GPS? Taja mnachokiona: "Mbele ya Mtanga, kilomita kama tatu kutoka ufukweni, tunaingiza maji, tuko 24." Neno Mayday limetokana na Kifaransa cha "nisaidieni", kwa hiyo hata ndugu zetu wa Burundi na Kongo wanalielewa.

Sasa nani afanye nini? TASAC wakikagua boti, wasiishie kuiona redio, waiwashe. TCRA ndio wenye masafa na leseni, basi wawarahisishie wenye maboti madogo, maana mtu akiona usumbufu ataishia kununua zile redio za walinzi wa getini ambazo hazivumilii maji. BMU na wenye maboti Kibirizi wanaweza kuanza na redio moja ya mezani ya wati 25, antena ndefu, daftari na zamu za usiku zinazolipwa kwa mchango mdogo wa kila safari. Zimamoto na Uokoaji wapo kwenye 114, huyo wa zamu ndiye awaamshe.

Mwaka 2024 shughuli za uvuvi zilisimamishwa ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, samaki wapumzike. Kama nchi nne zinaweza kukubaliana kuhusu migebuka, zinashindwaje kukubaliana kusikilizana watu wao wakizama?

Wadau wa Ujiji, Katonga, Kibirizi, Kalemie na Uvira, tupieni maoni hapo chini. Nani kwenu anayesikiliza usiku? Na mwenye redio nyumbani, kabla hujaandika, nenda kaiwashe kwanza uone.