Filamu za Michezo ya Video na Mkono Uliosahauliwa

Yamesemwa mengi juu ya filamu zitokanazo na michezo ya video, na mengi katika hayo yamesemwa bila kupimwa. Tangu mwaka 1993, Hollywood ilipotoa filamu yake kubwa ya kwanza ya namna hii, Super Mario Bros., mashabiki wamekuwa wakiingia sinema kwa furaha na kutoka kwa manung'uniko. Sababu waitajayo aghalabu ni moja: mwongozaji hakuwa mwaminifu. Alibadili mavazi, akaongeza mhusika, akahamisha kisa. Wahakiki nao, ambao kazi yao ni kuchungua, wameipokea sababu hiyo kama watu wapokeavyo fedha bila kuigonga wakasikia mlio wake.

Ushahidi wa 1993 haukaniki. Mchezo wa Nintendo wa mwaka 1985 ulikuwa na uwanda wa rangi za kupendeza, uyoga na kasa. Filamu ikaleta mji wa giza uliotandwa na kuvu, wenyeji wake uzao wa madinosauri. Bob Hoskins, aliyeigiza Mario, alikuja kusema hadharani kuwa ilikuwa kazi mbaya kuliko zote alizopata kuzifanya. Hapo ilikuwa rahisi kudai kwamba ugonjwa ni kutofanana, na dawa ni kufanana. Miaka 30 baadaye dawa ikanyweshwa kwa kibaba kamili. Filamu ya katuni ya mwaka 2023, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Nintendo yenyewe, ilifanana na mchezo hata katika muziki na mlio wa sarafu, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Je, shauri limekwisha? Halikwisha. Filamu ile iliwapa watazamaji furaha ya kutambua, nayo ni furaha halali, kama ya mtu atazamaye picha za arusi aliyokula pilau yake. Walakini hakuna aliyeucheza mchezo wa 1985 kwa ajili ya kutambua. Aliucheza ili aruke shimo ambalo jana yake lilimmeza mara kumi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mchezo wa video si hadithi iliyovaa vitufe. Ni kazi ya sanaa ambayo maana yake hutokea mkononi mwa mtu, na sinema, kwa maumbile yake, haina pa kuuweka mkono huo. Mwongozaji aweza kunakili sura, jina, nyimbo na nyumba. Yote hayo ni mapambo ya mchezo, na mengi katika mapambo hayo mchezo wenyewe uliyaazima sinema hapo kwanza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Resident Evil. Mchezo huo wa kampuni ya Capcom ulitoka mwaka 1996, na deni lake kwa George Romero, mwongozaji wa filamu ya mazombi ya mwaka 1968, ni dhahiri. Lakini hofu ya mchezo ule haikuwa ndani ya mazombi. Ilikuwa katika hesabu. Aliyemchagua Chris alikuwa na nafasi sita tu za kubebea vitu. Ufunguo ulichukua nafasi, dawa ilichukua nafasi, bunduki na risasi zilichukua nafasi. Hata kuihifadhi safari yake kulitaka utepe wa wino wa taipureta, na kila utepe uliotumika ulikuwa umekwenda. Basi mchezaji alisimama mbele ya mlango akiwa na risasi nne, akijua kuwa saa nzima ya jasho lake haijahifadhiwa, akajiuliza: nifungue au nirudi? Kitisho ni swali hilo, nalo halikuulizwa mtu mwingine yeyote.

Romero mwenyewe aliombwa kuandika mswada wa filamu. Mswada wake ukakataliwa. Filamu iliyotoka mwaka 2002 chini ya Paul W. S. Anderson ilimleta Alice, mwanamke asiyekuwamo katika michezo, hodari wa mateke na bunduki. Mashabiki wakalalamika juu ya Alice. Walilalamikia asiyehusika! Lau angalikuwa Chris yule yule, katika jumba lile lile, kwa mavazi yale yale, upungufu ungalibaki palepale, kwa kuwa risasi za filamu zimehesabiwa na mwandishi, si na mtazamaji. Mchezo uliazima mazombi kwa sinema. Sinema ikarudi kuyaazima mazombi yale yale, ikaziacha tepe na nafasi sita.

Wako waliohisi tatizo hili, wakalijibu nusu. Filamu ya Doom, mwaka 2005, iliweka onyesho la dakika chache ambamo kamera ikawa jicho la askari na bunduki ikatokeza mbele ya kioo, kama katika mchezo wa 1993. Ni onyesho la kuchekesha kidogo, kama kumwona mtu akila kwa niaba ya mwenye njaa. Jicho lilitolewa bure, mkono haukutolewa.

Yamkini atatokea mbishi aseme: mbona watu hutazama wenzao wakicheza, na hawachoki? Ni kweli, wala hoja hii si ndogo. Barazani wazee wanne huweza kulizunguka bao moja mchana kutwa, wawili tu wakicheza, nao wawili wengine wakaghadhibika kuliko wachezaji. Lakini wanatazama nini? Wanatazama uamuzi ambao bado haujafanywa. Kete 64 zimo mashimoni, na mkono ulioinuliwa haujui utaanzia shimo gani. Warudishie wazee hao bao la juzi, kete kwa kete, na mshindi wanamjua, wataomba kahawa. Filamu ni bao la juzi. Ina fadhila zake, na fadhila hizo ni kubwa, lakini hizo sizo.

Mfululizo wa televisheni wa The Last of Us, wa mwaka 2023, huletwa kama jibu la mwisho, kwa sababu mwandishi wa mchezo, Neil Druckmann, alishiriki kuutunga, na watu wakausifu. Wausifuo hawakuangalia sifa hizo zilikoangukia. Sehemu ya tatu, iliyosifiwa sana, ndiyo iliyouacha mchezo mbali kuliko zote. Katika mchezo wa 2013 Frank huonekana akiwa maiti iliyojinyonga, na barua yake kwa Bill imejaa chuki. Televisheni iliigeuza habari hiyo kuwa maisha ya miaka mingi ya wapenzi wawili, na Joel, mtu ambaye mchezaji humwendesha, karibu hayumo. Usanii ulistawi mahali ambapo mkono haukuwa na kazi tangu awali. Kanuni ya uaminifu haiwezi kuueleza ushindi huo. Inaweza kuuonea haya tu.

Lipo na jambo la dharau, ambalo wanafunzi wa fasihi simulizi watalitambua upesi. Kama ilivyodhaniwa zamani kwamba ngano haijawa fasihi mpaka ichapwe kitabuni, ndivyo inavyodhaniwa sasa kwamba mchezo haujawa sanaa mpaka usimamishwe sinema na kupewa waigizaji wenye majina. Shabiki anayedai filamu iliyo aminifu hajui kuwa naye amekubali kuwa mchezo wake ni mswada unaongoja cheo. Na mhakiki anayemcheka shabiki huyo kwa utoto ameikubali dharau ile ile, ila yeye amevaa joho.

Kilele cha mchezo wa 2013 kiko katika chumba cha hospitali. Daktari amesimama na kisu, mtoto Ellie amelala, na Joel ana silaha. Katika televisheni Joel hufyatua risasi, na mtazamaji, akiwa ameketi, humhukumu. Katika mchezo hapana kitu kitendekacho hata mchezaji atende. Wako waliosimama pale wakitafuta njia nyingine, wakizunguka chumba, wakimtazama daktari. Njia nyingine haipo. Mchezo huwangoja, kimya, mpaka wabonyeze.