Ozi Haihitaji Muziki wa Kukodi

Semeni mtakalo: mtu anayemshauri mkulima wa Ozi anunue simu ya maelfu ya shilingi ili apate kusikiliza muziki, anamchuna. Anamchuna siku ya kununua, kisha anaendelea kumchuna kila anapotaka wimbo. La ajabu ni kwamba tunachunwa huku tunacheka, tukidhani na sisi sasa tumekuwa watu wa mjini. Mimi nasema wazi. Chombo cha muziki kinachofaa Ozi, Kau, Kilelengwani na delta yote hii ya Tana ni kile kidogo chenye tundu la kadi ya memori, kinachoimba bila mtandao, bila nywila na bila kuomba ruhusa ya mtu aliye ng'ambo. Vilivyobaki ni mapambo.

Matangazo ya simu hutungwa kwa ajili ya kijana aliyekaa mkahawani Nairobi, mwenye umeme ukutani na mtandao hewani. Ozi iko karibu na mlango wa Mto Tana, huku Kipini Mashariki, na maisha yake yana kanuni zake. Mpunga ukianza kukomaa, mtu hushinda juu ya dungu akiamia ndege tangu alfajiri mpaka jua lizame. Mikono ina tope, jua linachoma, chaja iko nyumbani. Upepo wa baharini una chumvi inayokula kila chuma, na miaka hii chumvi hiyo imepanda na maji ya mto ikaingia mpaka mashambani. Mto nao ukifurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023 na tena 2024, watu huhama na kile tu walichoweza kubeba. Huko ndiko kwa kukipimia chombo cha muziki, si kwenye kioo cha duka.

Sasa tupige hesabu, kwa maana wauzaji hawa hawaipendi. Wimbo uliohifadhiwa kwa MP3 ya kawaida, ile ya kilobiti 128 kwa sekunde, hula karibu megabaiti moja kwa kila dakika. Wimbo wa dakika nne ni megabaiti nne. Mtu wa dungu akisikiliza nyimbo thelathini kwa siku kupitia mtandao, ametumia megabaiti 120. Kwa mwezi zinapita gigabaiti tatu na nusu, na mwezi ujao anaanza upya, kwa nyimbo zile zile! Na serikali nayo imo humo humo: Sheria ya Fedha ya 2023 ilitoza data ushuru wa asilimia 15, na VAT ya asilimia 16 ikakaa juu yake. Yaani ukirudia wimbo mmoja mara kumi, umeulipia ushuru mara kumi. Kadi ya gigabaiti 32 hubeba nyimbo zaidi ya 7,000 za aina hiyo. Ukizicheza usiku na mchana bila kurudia hata moja, siku 19 zitapita hujafika mwisho. Kadi hununuliwa mara moja, nayo haidai tena.

Mtaniambia programu za muziki zinaruhusu kupakua nyimbo ukazisikiliza bila mtandao. Soma masharti, ndugu yangu. Spotify, iliyoingia Kenya Februari 2021, humruhusu mteja anayelipa kuhifadhi nyimbo simuni, lakini lazima aingie mtandaoni angalau mara moja katika kila siku 30, la sivyo nyimbo zinaondolewa. Ada ikikoma, na muziki umekoma. Ni sawa na kukodi mtumbwi unaojifunga wenyewe gatini siku pesa zikikuishia, hata kama uko na mgonjwa wa kuvusha.

Nazo zile simu za kulipa kidogo kidogo kila siku ndizo mbaya zaidi. Ukikosa malipo, simu inafungwa. Mkulima hana mshahara wa kila siku. Ana msimu wa mpunga na msimu wa maembe, na baina ya misimu hiyo ana subira. Kumfungia mtu wa namna hiyo muziki wake, redio yake na namba za watu wake kwa sababu jana hakuwa na shilingi hamsini ni ukatili uliovishwa nguo ya maendeleo. Wahenga walikwisha kuonya: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hapa hata nduguye hayupo, kuna kampuni tu.

Na hili la kunyang'anywa muziki uliolipia si hofu ya mshamba. Limetokea huko huko Marekani. Mwaka 2008 Yahoo ilifunga duka lake la muziki, na pamoja nalo mitambo iliyokuwa ikitoa ruhusa ya kucheza nyimbo zilizouzwa zikiwa na kufuli. Watu walikuwa wamelipa pesa zao halali. Wakaambiwa kwamba wakibadilisha kompyuta, nyimbo hizo hazitafunguka. Kelele zikapigwa mpaka wakafidiwa. Je, sisi tukifanyiwa hivyo, nani atatusikia? Kelele za Ozi zinaishia Garsen.

Wenzetu wa nchi tajiri ndio walioanza na kifaa tunachohitaji sisi, kisha wakakitupa. Kicheza MP3 cha kwanza cha mfukoni, MPMan ya kampuni ya Saehan ya Korea Kusini, kilitoka 1998 kikiwa na megabaiti 32, nusu saa hivi ya muziki. Mwaka 2001 Apple ikaleta iPod ya gigabaiti tano na ahadi ya nyimbo elfu moja mfukoni. Mei 2022 ikatangaza kwamba haiundi tena. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakaandika tanzia, kana kwamba dunia nzima imehamia mtandaoni. Haikuhama. Mrithi wa iPod yumo katika maduka ya Garsen na Witu: redio ndogo ya Kichina yenye tundu la kadi na la fleshi, au kabambe ya vitufe inayocheza MP3. Hakuna aliyeiandikia sifa gazetini, lakini ndiyo inayoimba kwenye dungu, jikoni na ndani ya mitumbwi.

Lakini msinielewe vibaya nikaonekana nasifu takataka. Katika redio hizo ziko nzuri, na ziko za kufa wiki ya pili. Mnunuzi wa kwetu anadanganyika kwa taa za rangi na spika zinazotingisha meza. Taa hizo zinakula betri, na mtetemo huo ni kelele.

Cha kwanza kutazama ni betri. Fungua mgongo wa kifaa mbele ya muuzaji. Ukikuta betri bapa ya BL-5C, ile ile ya simu za zamani za Nokia, au ile ya mviringo iitwayo 18650, umepata, kwa sababu ikichoka utanunua nyingine duka lolote. Ukikuta pia pahali pa mawe ya kawaida, ni bora zaidi, maana wakati wa mafuriko hakuna pa kuchajia ila mawe ya dukani yapo. Ukikuta kimefungwa kwa gundi hakifunguki, mrudishie mwenyewe. Kifaa chenye betri isiyobadilishwa kina tarehe yake ya kufa, na tarehe hiyo hukuichagua wewe.

Cha pili ni vitufe. Kioo cha kugusa ni adui wa kidole chenye tope na jasho. Unataka kitufe unachokipata kwa kupapasa gizani. Na hakikisha tundu la chaja linalingana na waya na sola ulizo nazo nyumbani, usije ukakitafutia kifaa cha bei ndogo chaja ya bei kubwa. Tundu la iafoni nalo liwepo. Apple ililiondoa kwenye iPhone mwaka 2016, na wengi wakaiga, ili tununue iafoni za pasi waya zinazodai chaji yake peke yake. Huo ujinga uishie huko huko.

Cha tatu ni kadi yenyewe, na hapa ndipo wizi ulipo. Kadi imeandikwa 64, ndani ni nne. Ukiijaza, nyimbo za mwanzo zinaimba, za baadaye zinakwama au zinapotea. Dawa yake ni moja: ijazwe pomoni pale pale dukani, kisha zipigwe nyimbo zilizoingia mwisho. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu. Tena usikimbilie kadi kubwa. Redio nyingi za bei nafuu hazisomi zaidi ya gigabaiti 32, na nyingi hazijui aina nyingine ya faili ila MP3. Wimbo ukigoma, fundi asikuambie kadi imekufa akakuuzia nyingine. Mwambie aubadilishe uwe MP3.

Cha nne ndicho kikubwa kuliko vyote, na hakuna tangazo linalokitaja: kitufe cha kurekodi. Redio kadhaa za aina hii zinacho, nayo kabambe inacho. Kifaa cha kusikiliza tu hutufanya wanunuzi wa sauti za watu wengine. Kifaa cha kurekodi hutufanya wenye sauti. Na sisi watu wa Tana tuna sababu ya kulijua hilo kuliko Mkenya yeyote. Wimbo wa taifa unaoimbwa tangu 1963, ule unaosimamisha rais na mtoto wa shule, ulipewa sauti ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Kipokomo. Aliyewaimbia wale waliopewa kazi ya kuutunga ni Meza Morowa Galana, mtu wetu. Kenya nzima inasimama kwa sauti ya mama wa Kipokomo, na katika delta yenyewe bembelezi zinakufa na mabibi zetu kwa kuwa kadi zetu zimejaa kila kitu isipokuwa wao. Aibu hiyo si ya Nairobi. Ni yetu.

Najua hoja inayosubiriwa: kadi hizi ni wizi, fundi wa simu anajaza nyimbo elfu kwa bei ya soda na msanii hapati kitu. Ni kweli, nami simtetei. Anayekuuzia kadi ambayo Juma Bhalo na Zein l'Abdin wamo ndani kwa jina la Track 07 amekuibia wewe na amewaibia wao. Mabingwa wawili wa taarabu ya pwani, waliofariki 2014 na 2016, wamegeuzwa namba! Mdaini fundi majina: jina la mwimbaji, jina la wimbo. Lakini msinidanganye kwamba mtandao ndio mkombozi wa msanii. Usikizi mmoja humletea pesa isiyofika hata shilingi moja. Mwimbaji wa Ngao au Kipini akiuza wimbo wake kwa shilingi hamsini, alipwe kwa M-Pesa, auweke mwenyewe kwenye kadi za majirani ishirini, amepata elfu moja leo jioni. Mtandaoni ataisubiri elfu hiyo mpaka wimbo usikizwe mara elfu kadhaa. Njia ya kumlipa tunayo. Tunachokosa ni haya ya kumwona jirani akifanya kazi bure.

Wako pia watakaosema huu ni ushamba, kwamba nawarudisha watu nyuma. Basi nendeni nyuma zaidi, mpaka kwa shujaa Fumo Liyongo, ambaye kaburi lake laonyeshwa huku kwetu upande wa Kipini. Masimulizi, na utendi alioandika Muhamadi Kijuma mwaka 1913, yanasema alipofungwa Pate alituma ujumbe kwa mama yake aoke mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Kisha akawatungia watu nyimbo za gungu, na walipozicheza kwa matwazi na siwa, kelele zikafunika mlio wa tupa ikikata pingu. Mfungwa huyo alitoka kwa sababu muziki ulikuwa vinywani na mikononi mwa watu wenyewe. Ungekuwa muziki wa kuombewa ruhusa, mfalme wa Pate angeuzima kwa neno moja, na Liyongo angechinjwa asubuhi.

Kwa hiyo, kijana unayekwenda Garsen na pesa za mpunga, na wewe dada unayemnunulia mama redio, usiulize kifaa kina rangi gani wala mchezaji gani wa mpira yuko kwenye boksi. Mwambie muuzaji atoe laini, azime data, atie kadi, acheze wimbo. Kisha mwambie abonyeze kitufe cha kurekodi, utaje jina lako na la kijiji chako, akurudishie sauti yako uisikie. Ikiimba na kukutaja, lipa. Ikinyamaza, mwachie mwenyewe, hata kama anakupa kwa nusu bei.