Seva ikilala siku ya mwisho, usikubali kuambiwa "mlikuwa wengi"

Unaijua hiyo siku. Makataa ni saa sita usiku, sasa ni saa tatu, na uko kwa saiba na fomu imejazwa yote. Unabonyeza "wasilisha". Kiduara kinazunguka. Kinazunguka tena. Halafu skrini inabaki nyeupe na maneno: jaribu tena baadaye. Baadaye gani, na siku inaisha?

Mimi ilinipata nikiwa mwaka wa pili chuoni. Pesa za ada zilifika jioni hiyohiyo, baada ya mama kukopa kwa chama. Tovuti ya kusajili masomo ikalala kuanzia saa mbili usiku hadi asubuhi. Nilipoenda ofisini kujieleza, nilipewa maneno mawili tu: "Mlikuwa wengi." Nikaambiwa nisubiri muhula ujao. Nikisubiri, pesa zikaishia kwa kodi ya nyumba, na sikurudi tena. Sitakudanganya ati ni seva iliyonitoa chuoni. Ukosefu wa pesa ulikuwa ushaanza hiyo kazi. Lakini nilibaki na swali: tulikuwa wengi kuliko nini?

Tangu hapo nimejifunza mambo ya seva mwenyewe, kwa laptop ya mtumba. Acha nikupe jibu, ndio wewe usinyamazishwe kama mimi.

Fikiria supamaketi mwisho wa mwezi. Keshia ni kumi. Foleni moja imefika hadi kwenye friji za maziwa, na keshia wa kule mwisho anachezea simu. Shida hapo si wateja wengi. Shida ni kwamba hakuna mtu anayesema, "Wewe, nenda kaunta ya saba."

Kwenye huduma za wingu, huyo mtu ni programu inayokaa mbele ya seva zote. Ombi lako linafika kwake kwanza, naye analichagulia seva. Anaweza kugawa kwa zamu, au kuangalia ni seva gani ina kazi chache zaidi. Kila baada ya sekunde chache anabisha kwa kila moja kuuliza kama iko hai. Isiyojibu inatolewa kazini hadi ipone. Watu wakizidi, mfumo unaweza kuwasha seva za ziada, na wakiondoka unazizima. Mwenye tovuti analipia muda aliotumia.

Sasa vumilia hesabu kidogo, haiumi. Kwa hesabu rahisi kabisa ya foleni, chukua seva inayoshughulikia ombi moja kwa wastani wa sekunde 1. Ikiwa na kazi nusu ya uwezo wake, utakaa wastani wa sekunde 2 hadi uhudumiwe umalize. Ikifika asilimia 90, ni sekunde 10. Asilimia 95, ni 20. Yaani foleni inapanda taratibu, halafu ghafla inaruka.

Weka seva mbili kama hizo. Moja ipewe mzigo wa asilimia 90, nyingine 10. Watu tisa kati ya kumi watakaa sekunde 10. Gawa huo mzigo 50 kwa 50, na kila mtu anakaa sekunde 2. Watu ni walewale, seva ni zilezile, na hakuna shilingi iliyoongezwa.

Na usidhani haya ni maarifa ya jana. Agner Krarup Erlang, Mdenmaki aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za msongamano wa simu mwaka wa 1909. HAProxy, programu ya kugawa mzigo kati ya seva, iko tangu 2001 na ni ya bure. Amazon ilifungua vituo vyake vya wingu Cape Town mwaka wa 2020, kwa hivyo hata kisingizio cha "seva ziko mbali" kimepungua.

Najua kuna mhandisi anasoma hapa akitikisa kichwa. Ako sawa, si rahisi hivyo. Ukiweka seva ishirini mbele na zote zinategemea hifadhidata moja nyuma, foleni imehama tu: ni keshia kumi wanaopokezana mashine moja ya kadi. Pia kuna siku tovuti inaanguka kwa kushambuliwa, kama eCitizen Julai 2023. Hilo ni suala lingine.

Lakini makataa si shambulizi. Tarehe ni wao waliipanga. Idadi ya wanafunzi wanayo. Aliyetuma kadi 500 za harusi hawezi kushangaa watu 500 wakifika na njaa.

Na hata kama hawana pesa ya seva moja zaidi, kuna njia ya bure: wagawe makataa. Kitivo hiki Jumatatu, kile Jumanne, kingine Jumatano. Huko pia ni kusawazisha mzigo, ila unaugawa kwa siku badala ya mashine.

Wataniambia vijana tunapenda kungoja dakika ya mwisho. Wengine wetu, ndiyo, na wewe ukiweza kuwahi, wahi. Ila wengi hatungoji kwa uvivu. Tunangoja mshahara wa mzazi, zamu ya chama, mkopo uidhinishwe. Pesa ikiingia saa kumi na moja jioni, huwezi kulipa saa nne asubuhi.

Kwa hivyo siku ikikukuta, fanya hivi. Piga picha ya skrini ikionyesha saa. Tuma barua pepe kabla ya saa sita usiku, ukieleza ulijaribu mara ngapi. Kesho yake usiende ofisini peke yako kama mimi. Tafuta wenzako mliokwama pamoja, muulize: mfumo ulijaribiwa kwa watu wangapi? Na saa zile ulipolala, mbona tusirudishiwe?

Tulikuwa wengi, ni kweli. Na orodha ya majina yetu yote walikuwa nayo tangu muhula uanze.