Gari na Dereva: Tairi Huchaguliwa kwa Kazi Yake
Askari hawezi kuingia msituni na viatu vya gwaride, hata vikiwa vimeng'arishwa vikameta kama kioo. Viatu hivyo ni vizuri, lakini kazi yake ni nyingine. Ndivyo yalivyo matairi ya magari ya mashindano. Wengi hudhani kuwa tairi ghali, lenye jina kubwa, ndilo litakalomletea dereva ushindi. Lakini jambo la kwanza la kuuliza si bei wala jina, bali ni kazi.

Huko Marekani yako mashindano yaitwayo otokrosi. Madereva huingia mmoja mmoja katika uwanja wa lami uliopangwa koni za plastiki, wakishindana na saa. Safari moja huchukua kama dakika moja tu, na dereva aangushaye koni huongezewa sekunde 2. Kwa muda huo mfupi tairi haliwahi kupata moto. Kwa hiyo hutakiwa mpira laini, unaonata ungali baridi.

Mbio za kuzunguka uwanjani ni kinyume chake. Huko gari huweza kukimbia dakika 20 au zaidi bila kupumzika, na breki na kona huuchemsha mpira. Tairi la otokrosi likipelekwa huko hupata moto kupita kiasi, likateleza na kulika upesi. Nalo tairi la uwanjani likiletwa kwenye koni, huanza kushika lami wakati shindano limekwisha. Upepo nao huongezeka kadiri tairi linavyopata moto. Ndiyo sababu dereva wa uwanjani huanza na upepo pungufu kidogo, kisha akaupima tena mara atokapo.

Mnunuzi na asome ubavu wa tairi. Matairi ya magari madogo yauzwayo Marekani huwa na namba ionyeshayo kadiri ya kulika kwake. Namba ikiwa ndogo, kwa kawaida mpira ni laini na hauishi sana. Chama cha SCCA, kinachosimamia otokrosi nchini humo, huagiza magari ya daraja la barabarani yasitumie tairi lenye namba iliyo chini ya 200. Aidha, tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT hueleza umri: 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Mpira uliozeeka hukakamaa, hata kama kashata zake bado ni nzima.

Uzito wa jambo hili ulionekana Indianapolis mwezi wa Juni 2005. Siku ya Ijumaa, katika mazoezi, tairi la nyuma la gari la Ralf Schumacher liliharibika kwenye kona ya 13, na gari likagonga ukuta. Kampuni ya Michelin ilipochunguza, ilikiri kuwa haiwezi kudhamini usalama wa matairi yake katika kona ile. Jumapili, tarehe 19, magari 14 yalizunguka mara moja ya kujipanga, kisha yakajitoa. Yalibaki 6 tu, yenye matairi ya Bridgestone, na Michael Schumacher akashinda. Watazamaji walizomea, lakini hakuna mama aliyepelekewa habari ya msiba. Askari anafahamu kuwa kurudi nyuma kwa amri ya busara si woga.

Funzo hili lamfaa hata asiyeshindana. Tairi la mbio lisilo na mifereji halina njia ya kutoa maji. Katika mvua gari huelea na usukani hautii. Dereva makini huenda uwanjani kwa matairi ya kawaida, huyabadilisha huko, na huyarudisha kabla ya kushika njia ya nyumbani. Vivyo hivyo, tairi lililochakazwa mashindanoni lisinunuliwe kwa sababu ya urahisi wa bei, likafungwa katika gari linalobeba watoto kwenda shule.