Tuitunze Mbolea Kabla ya Kuilaumu

Kila msimu wa mvua ukikaribia, wazee wetu hulalamika juu ya bei ya mbolea. Wana haki, maana fedha hazipatikani kwa urahisi. Lakini mimi naona kwamba mbolea nyingi hupotea nyumbani petu wenyewe, kabla haijafika bustanini, kwa kuwa hatuna desturi ya kuitunza. Nitasema niliyoyaona, na mwenye maoni mengine anijibu katika toleo lijalo.

Mwaka juzi, kwetu Kilimanjaro, tulinunua mfuko wa urea kwa ajili ya mahindi na mboga. Nusu ilitumika; nusu iliyobaki ikaegemezwa ukutani nyuma ya jiko, mdomo wazi. Usiku mbuzi wetu jike, mwenye mimba, alikata kamba akairamba kama mbuzi arambavyo magadi. Alfajiri tulimkuta tumbo limejaa, anatetemeka na kutokwa na povu. Kabla ya saa nne alikuwa amekufa. Majirani walinong'ona kwamba amelogwa. Mama hakusema neno, lakini nilijua kwamba watoto wa mbuzi yule ndio waliokuwa sare na madaftari yangu.

Niliporudi shuleni, mwalimu wetu wa Kilimo alinieleza sababu. Ndani ya tumbo la mnyama acheuaye, urea hugeuka upesi kuwa amonia, na amonia ikizidi katika damu huua. Basi hapakuwa na mchawi, bali mfuko usiofungwa. Tena nikawaza: je, angekuwa mtoto? Chembe za urea ni nyeupe kama sukari, na watu wengine huitia katika kopo la chumvi lililokwisha kazi, wakaliweka jikoni! Huko ni kucheza na mauti.

Mbolea ya dukani yataka mahali pakavu, penye kufuli, mbali na chakula, mifugo na moto. Mfuko usilazwe sakafuni wala kuegemezwa ukutani, maana mbolea hunyonya unyevu ikaganda kama jiwe. Mbao tatu juu ya mawe manne zatosha kuuinua. Ukisha kufunguliwa, ufungwe kwa kamba, au mbolea itiwe katika ndoo yenye kifuniko na iandikwe jina. Wala tusichanganye urea na CAN katika chombo kimoja, kwani zikikaa pamoja hulowana na kuwa tope.

Wasemao, "Sisi hatununui, tunayo samadi," nao wasicheke. Samadi iliyoachwa wazi huchomwa na jua na kuoshwa na mvua. Ile harufu kali inayochoma pua ndiyo chakula cha mboga kinachopaa hewani, na yale maji meusi yanayotiririka mtaroni ni mali yetu inayokwenda zake. Ifunikwe kwa majani ya migomba na kujengewa paa dogo. Majivu ya jikoni yasimwagwe juu yake, maana huifukuza amonia; yapelekwe bustanini peke yake. Wazee wa Kilimanjaro walifuga ng'ombe bandani na kupeleka samadi migombani, na kihamba kimoja kikalisha watoto na wajukuu. Hawakusoma kemia, lakini walijua kutunza.

Hata siku ya kutumia, pupa ni hasara. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, nayo kiwandani hutolewa katika hewa. Ukiimwaga juu ya udongo bila kuifukia, umenunua hewa ukairudisha hewani. Ngoja udongo uwe na unyevu, pima kwa kizibo cha soda, weka mbali kidogo na shina, kisha fukia. Ukizidisha, au ikigusa shina, mmea huungua. Wengi wanaosema mbolea imeua mchicha wao, ni mkono wao ulioua.

Wengine watasema kwamba haya ni mambo madogo, wala hayamhusu mwanafunzi mwenye mitihani. Mimi nasema yanatuhusu sana, maana sisi ndio tusomao maandishi yaliyo juu ya mfuko ambayo wazee wengine hawawezi kuyasoma. Likizo hii kila mmoja wetu aangalie mbolea ya kwao inalala wapi, naye aandike siku iliponunuliwa, kiasi kilichotumika na kilichobaki. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na bustani ya shule yetu iwe ya kwanza kuwa na stoo ya mbolea, ili wazazi wakija waone mfano.

Mbuzi wetu hatarudi. Lakini mbuzi wa mwenzangu bado yu hai, na kamba ya kufungia mfuko haizidi bei ya penseli.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu