Unataka kuunda gemu? Usiache kazi bado

Januari 2024, Microsoft ilitangaza kuwapiga kalamu wafanyakazi 1,900 wa kitengo chake cha gemu. Mwezi huo huo Unity, kampuni yenye programu ambayo vijana wengi hujifunzia kuunda gemu, ikasema itawaachisha kazi watu 1,800. Kama magwiji wa ng'ambo wanarudishwa nyumbani, kijana wa Kayole au Kisauni anayeota kazi hii anaelekea wapi?

Anaweza kuelekea huko huko. Ila asisubiri kuajiriwa, na asitarajie gemu ya kwanza imlipie nyumba.

Tuanze na habari njema. Kuanza hakuhitaji mtaji mkubwa. Programu ya Godot ni bure, hata ukiuza gemu yako. Unreal haikudai mgao hadi gemu iingize dola milioni 1. Kujisajili Google Play ni dola 25, unalipa mara moja tu. Steam ni dola 100 kwa kila gemu. Ukiwa na laptopu ya kadri na bando, uko ndani.

Lakini ukishaingia unakuta umati. Mwaka wa 2024 pekee, zaidi ya gemu 18,000 mpya ziliwekwa Steam. Nyingi hazisikiki kabisa. Huku kwetu nako, wengi hucheza kwa simu na hawalipi kitu, kwa hivyo muundaji anategemea matangazo. Na matangazo yana ubaguzi wake: mtazamaji wa Marekani huingiza pesa nyingi kuliko wa Kenya. Ndiyo maana gemu inaweza kupendwa mtaa mzima na mwenyewe bado anamkwepa landilodi.

Waliotangulia hawakutegemea mfuko mmoja. Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka wa 2007. Mwaka wa 2009 yeye na Mghana Eyram Tawia wakaanzisha Leti Arts, na mbali na gemu wakaingia kwenye katuni za mashujaa wa Kiafrika. Kule Cameroon, studio ya Kiro'o ilichangisha pesa kupitia Kickstarter kabla ya kutoa Aurion mwaka wa 2016.

Mashabiki hupenda kumtaja Eric Barone, Mmarekani aliyeunda Stardew Valley peke yake na kuuza mamilioni. Wanachosahau ni kwamba ilimchukua zaidi ya miaka 4, mpenzi wake akiwa kazini na yeye mwenyewe akifanya kibarua cha kuwaonyesha watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho. Je, wewe nani atakushikilia miaka 4?

Basi panga hivi. Baki shuleni au kazini. Jipe miezi 3 uunde gemu ndogo, hata ya skrini moja, na uimalize. Iweke hadharani, watu wasiokujua waicheze, kisha uanze nyingine. Kati ya gemu hizo, uza ujuzi unaoupata: kuandika programu, kuchora, kuhuisha katuni, kutengeneza sauti. Kazi hizo zina wateja hata wasiowahi kugusa gemu.

Mzazi akiuliza unafanya nini na hiyo laptopu usiku kucha, mpe simu acheze gemu uliyomaliza. Iliyo nusu haitakutetea.